MGENI NJOO MWENYEJI APONE, SI MWENYEJI AHAME: Tamko la Tawi kuhusu duka kubwa la samani

*TAARIFA KWA WANACHAMA WOTE WA TAWI*
*Kutoka: Katibu Mwenezi wa Tawi*
*Viongozi wa mashina, isambazeni kwenye makundi yenu. Ni ndefu. Tunaomba isomwe hadi mwisho kabla ya kujibu.*

Ndugu wanachama,

Tangu Jumatatu kundi letu halilali. Ndugu mmoja alitupia picha ya duka la IKEA, akauliza swali moja tu: "Duka kama hili likifunguliwa Dar es Salaam, jiji litafaidika au litaumia?" Hadi usiku kulikuwa na ujumbe zaidi ya mia, sauti za dakika nne nne, na ndugu wawili waliotoka kundini kwa hasira. Tumeshawarudisha. Kamati ya Utendaji ya Tawi ilikaa juzi, ikajadili, na imeniagiza niandike msimamo.

Msimamo ni huu, na nauweka mwanzoni ili asije mtu akasema tumezungukazunguka:

*Duka kubwa la samani la kampuni yenye matawi nchi nyingi halitalifaidisha jiji hili likija kwa masharti ya kwake. Likija kwa masharti yetu, linaweza kutufaa. Na masharti hayo yaandikwe kabla ya jiwe la msingi kuwekwa, si baada ya utepe kukatwa.*

Sasa tuende hoja kwa hoja.

*1. TUANZE NA KEKO*

Tawi letu liko Temeke. Kutoka ofisini kwetu hadi Keko ni daladala moja. Wanaosema "samani za Dar" wanasema Keko, hata kama wao wanaishi Mbezi au Kigamboni. Na kila mmoja wetu ana mtu pale: kaka anayeranda, shemeji anayepiga vanishi, jirani anayesukuma guta.

Chukueni kitanda kimoja cha sita kwa sita, mbao ya mninga, kinatoka Keko. Hesabuni mikono iliyokigusa. Aliyepasua gogo. Dereva wa lori aliyeleta mbao. Mwenye mashine ya kuranda. Fundi seremala na kijana wake anayejifunza. Fundi wa kuchonga nakshi za ubao wa kichwani. Aliyepiga msasa. Aliyepaka rangi. Muuza misumari, gundi na bawaba. Mwenye kirikuu aliyekipeleka hadi nyumbani. Mama ntilie aliyewalisha wote hao mchana. Godoro la juu yake nalo limetengenezwa na kiwanda cha hapa hapa nchini.

Kitanda hicho hicho kikija ndani ya boksi kutoka ng'ambo, hesabuni tena. Tusiwe waongo: hata boksi linaacha kitu. Bandari inapata. TRA inapata ushuru na VAT ya asilimia 18. Dereva wa kontena anapata. Wauzaji wenye sare, walinzi na wafagizi wanapata mshahara. Mwenye kiwanja anapata pango. Lakini kazi yenyewe, ule ujuzi wa kugeuza ubao kuwa kitanda, imefanyika kwingine na imelipwa kwingine. Na faida, baada ya kodi, ina ndege ya kupanda.

Hilo ndilo swali la msingi. Tusibishane kama duka ni zuri au baya kwa macho. Tuulize shilingi ya mteja wa Temeke ikishatoka mfukoni inazunguka mara ngapi Temeke kabla ya kuondoka.

*2. "LAKINI BEI ITASHUKA"*

Dada yetu mmoja aliandika kundini: "Mimi ni mpangaji, nina vyumba viwili, sihitaji nakshi, nahitaji kabati la bei nafuu." Dada, hoja yako ni ya haki na hatutaipuuza. Mnunuzi naye ni mwananchi.

Ila tuangalie bei vizuri. Tangu Julai 2022 Jumuiya ya Afrika Mashariki iliongeza tabaka la nne la ushuru wa forodha, asilimia 35, na samani zimo katika tabaka hilo. Kwa hiyo kabati kutoka nje linaingia likiwa limebeba mzigo huo, pamoja na VAT, pamoja na nauli ya meli. Anayesema litauzwa hapa kwa bei ile ile mnayoiona kwenye intaneti hajapiga hesabu. Litauzwa rahisi kwa njia mbili tu: ama kampuni ipewe msamaha wa kodi ambao fundi wa Keko hana, ama lile kabati liwe la mbao za unga uliogandamizwa kwa gundi.

Njia ya kwanza ni dhuluma. Ya pili ni hiari ya mnunuzi, lakini ajue anachonunua. Mbao ya unga ikinywa maji inavimba. Nyumba zetu mnazijua: tunadeki kwa ndoo, mvua ya masika inaingia chini ya mlango, joto na unyevu wa pwani havilali. Kabati la mkongo likilowa mguu unalikausha. La unga ukishavimba mguu, umekwisha, na hakuna fundi wa kukuchongea mwingine.

Jambo jingine. Fundi wa Keko anakopesha. Unaleta advansi, unamalizia mwisho wa mwezi, na kiti kikivunjika unampigia simu anakuja na nyundo. Mashine ya malipo ya duka kubwa haijui kwamba mtoto ameanza shule Januari.

*3. "LAKINI AJIRA ZITAKUJA"*

Hapa ndugu yetu mwalimu alituletea hoja nzito kuliko zote, na tunamshukuru, maana alileta ushahidi si kelele. Alitaja mji wa Haparanda, Sweden.

Ni kweli. Haparanda ni mji mdogo mpakani na Finland, watu kama elfu kumi hivi. IKEA walifungua duka pale Novemba 2006. Watafiti wa Sweden waliochunguza miji iliyopata maduka hayo walichapisha matokeo mwaka 2017: mauzo ya bidhaa za kudumu katika miji hiyo yalipanda kwa takriban asilimia 20, na ajira katika biashara hiyo kwa takriban asilimia 17. Hatuwezi kuficha ushahidi huo eti kwa sababu haututii nguvu.

Lakini tuusome vizuri. Haparanda ilipona kwa sababu *wanunuzi walitoka nje*. Walivuka mpaka kutoka Finland, wengine wakasafiri mbali zaidi, wakaleta pesa ambazo mji ule haukuwa nazo. Pia kampuni ile ni ya nchi ile ile: ilianzishwa Sweden mwaka 1943, ina mizizi kule, wabunifu wake wako kule. Na Haparanda haikuwa na Keko. Hakukuwa na mtaa mzima wa mafundi wanaoishi kwa randa ambao duka lile lingewakuta.

Dar es Salaam ni kinyume. Mteja tayari yupo, pesa tayari iko mjini, na fundi tayari yuko kazini. Duka likifunguliwa hapa, sehemu kubwa ya mauzo yake itakuwa mauzo yaliyohama kutoka kwa mtu mwingine. Kazi za sare zitakazotangazwa magazetini zitahesabika, tena na picha. Kazi zitakazokufa Keko hazitahesabika, kwa sababu kijana wa msasa hana mkataba wala jina kwenye daftari lolote. Siku akikosa kazi, takwimu haitikisiki.

Kuna atakayesema: "Mbona Kariakoo inavuta wanunuzi kutoka Kongo, Zambia, Malawi na Komoro? Duka kubwa nalo litawavuta." Hoja hii ina uzito. Lakini wanaokuja Kariakoo wanakuja kununua mzigo wa kwenda kuuza. Kama tunataka Mkongo apakie samani Dar es Salaam, basi apakie zilizotengenezwa Dar es Salaam. Hapo ndipo mji unapona kama Haparanda ilivyopona.

*4. "NI KAMPUNI KUBWA, HAITATUTUPA"*

Ndugu zangu, tumesahau haraka. Shoprite walikuja, tukaambiwa ni maendeleo. Mwaka 2014 waliuza maduka yao ya Tanzania kwa Nakumatt wakaondoka. Uchumi walifunga Tanzania na Uganda Oktoba 2015. Nakumatt, waliochukua maduka ya Shoprite, wakaanguka wenyewe: Januari 2018 kampuni iliwekwa chini ya msimamizi, na Januari 2020 wadai wakapiga kura ifilisiwe. Game walifunga mwaka 2022.

Hatusemi kila kampuni kubwa ni mbaya. Tunasema ukubwa si dhamana. Na duka kubwa likianguka haliangukii peke yake. Linaangukia mtu aliyewapelekea mzigo kwa mkopo, anasubiri siku 60, siku 90, kisha anakuta mlango umefungwa kwa kufuli na karatasi ya mwanasheria.

Sisi ni tawi, na maduka yale nayo ni matawi. Tofauti ni moja. Tawi letu likikosea mnatuita Jumamosi mnatusema usoni. Tawi la kampuni likifungwa, uamuzi umefanywa kwenye chumba ambacho hakuna mtu wa Temeke aliyewahi kukaa.

*5. TUSIFUATE NJIA YA HASIRA*

Baadhi ya vijana wetu wanasema: "Wakija, tunaandamana." Tuwakumbushe yaliyotokea Nairobi. Mwanzoni mwa 2023 duka la China Square lilifunguliwa kule, bei za chini, wateja wakafurika. Wafanyabiashara wakaandamana mwezi Februari, na waziri wa biashara wa wakati huo akasema hadharani kwamba pango la duka lile lichukuliwe na wafanyabiashara wa nyumbani. Mwisho wake? Duka liliendelea na wateja waliendelea kwenda.

Kwa nini? Kwa sababu wengi wa walioandamana walikuwa wanauza bidhaa zile zile za China, kwa bei ya juu zaidi. Mteja aliona wazi kwamba ugomvi ni wa nani apate faida, si wa nani atengeneze. Hawakuwa na cha kumwambia mteja.

Sisi wa Keko tuna cha kumwambia mteja: *sisi tunatengeneza*. Tusiitupe hoja hiyo kwa kurusha mawe. Na tusimguse mgeni yeyote kwa rangi yake au pasipoti yake. Chama hiki hakiko huko. Tunapigania masharti, hatupigani na watu.

*6. SASA TUSEME UKWELI WETU WENYEWE*

Hapa wengine mtakasirika. Kasirikeni, lakini someni.

Mwaka juzi nilimpa fundi oda ya kitanda cha binti yangu, akiwa anaolewa. Aliniahidi wiki mbili. Nilitoa advansi mwanzo wa Ramadhani. Kitanda kilifika baada ya Idi ya kuchinja, harusi imeshapita, binti amelalia godoro chini kwenye nyumba ya mumewe. Na miezi mitatu baadaye ubao wa pembeni ulipinda kama upinde, kwa sababu mbao ilikuwa mbichi. Fundi huyo ni mwanachama mwenzetu. Simtaji. Anajijua.

Ndugu mafundi, mteja anayetamani duka kubwa hatamani Ulaya. Anatamani vitu vitatu: bei iliyoandikwa, siku iliyotajwa, na mbao iliyokauka. Vitu hivi vitatu havihitaji mwekezaji. Tukivikosa, hata duka lisipokuja, mteja ataenda kununua makochi ya Uturuki kwenye maduka ambayo yako hapa tayari. Nayo yanazidi kufunguliwa wakati sisi tunabishana kuhusu picha ya simu.

Kwa hiyo tukisema "linda Keko" hatusemi linda ubabaishaji. Ubabaishaji hauna chama.

*7. MASHARTI YETU*

Kuna wanaosema ukimwekea mwekezaji masharti atakimbia. Tazameni India. Sheria yao iliamua kwamba kampuni ya kigeni ya rejareja yenye chapa moja, ikitaka kumiliki zaidi ya asilimia 51, lazima inunue asilimia 30 ya bidhaa zake ndani ya India. IKEA walilalamika, wakajadiliana, wakasubiri miaka, na Agosti 2018 wakafungua duka la kwanza Hyderabad. Hawakukimbia. Soko lilikuwa kubwa mno kulikimbia. Dar es Salaam nayo ni miongoni mwa majiji yanayokua kwa kasi zaidi Afrika. Mwenye soko ndiye mwenye nguvu, ila lazima ajue kwamba anayo.

Na sisi mali ghafi tunayo. Shamba la Sao Hill, Mufindi, ni shamba kubwa la misitu ya kupandwa la Serikali. Mtiki upo Longuza kule Muheza, upo Mtibwa. Mtiki wetu mwingi huishia nje ya nchi, India ikiwa mnunuzi mkubwa, kisha tunauona kwenye picha ukiwa meza. Hiyo nayo ni aibu.

Basi Tawi litapeleka masharti haya ngazi ya Kata, Wilaya, na kwa diwani wetu:

*(a)* Duka lolote kubwa la samani la kigeni linunue angalau asilimia 30 ya samani zake kwa watengenezaji wa Tanzania, na ukaguzi wa kila mwaka uwekwe wazi.

*(b)* Lisipewe msamaha wa kodi wowote ambao karakana ya Keko haiwezi kuupata. Uwanja uwe sawa.

*(c)* Mtengenezaji wa ndani alipwe ndani ya siku 30 tangu kupeleka mzigo. Hatutaki Nakumatt ya pili.

*(d)* Lichukue mafunzoni vijana wa VETA Chang'ombe, ambayo iko pua na mdomo na Keko, wafundishwe ubunifu na ukaguzi wa ubora, si kupanga maboksi tu.

*(e)* Lisijengwe kwa kuhamisha mafundi. Kama kiwanja kinatafutwa, kisiwe kile ambacho watu wanakifanyia kazi.

Tena kuna jambo la kisheria lifuatiliwe. Julai 2025 Serikali ilitoa amri inayowazuia wasio raia kufanya aina 15 za biashara, ikiwemo ya jumla na rejareja. Wengi mlishangilia humu kundini. Lakini supamaketi zimeachwa nje ya katazo. Maana yake mgeni mwenye kibanda amefungiwa mlango, na mgeni mwenye jengo la ukubwa wa uwanja wa mpira anaweza kuja na hoja kwamba yeye ni supamaketi. Tunataka iandikwe bayana duka kubwa la samani linahesabiwa vipi.

*8. NA WAJIBU WETU*

Masharti kwa mgeni bila kazi nyumbani ni maneno matupu. Kamati imekubaliana yafuatayo:

*Kwanza,* mafundi wa Tawi wajiandikishe kikundi. Mikopo ya asilimia 10 ya halmashauri ilisimamishwa Aprili 2023 ikarejeshwa 2024: nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu. Wanaostahili waunde vikundi halali, na mkopo wa kwanza tupendekeze uwe wa tanuri la kukaushia mbao, litumike kwa zamu na kwa ada. Usiwe wa pikipiki.

*Pili,* vikundi visajiliwe kwenye mfumo wa NeST wa ununuzi wa umma. Sheria imetenga asilimia 30 ya ununuzi kwa makundi maalumu. Madawati ya shule, meza za zahanati, viti vya ofisi: Serikali ndiyo mteja mkubwa kuliko duka lolote, na sisi hatujabisha hodi.

*Tatu,* kila karakana ya mwanachama ibandike bei, itoe risiti yenye tarehe ya kukabidhi, na ikichelewa ipunguze bei. Atakayekataa asije kuomba Tawi limtetee.

*Nne,* sisi wanachama wengine tuwe wateja wa haki. Huwezi kuandika "linda Keko" kundini kisha ukamkopa fundi miezi sita.

Ndugu wanachama, wazee wetu walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Hawakusema mgeni njoo mwenyeji ahame. Karibu ya Mswahili ina utaratibu: mgeni anabisha hodi, anasubiri, anavua viatu, anakaa anapoonyeshwa. Hatujawahi kumfukuza mgeni kwa kumwomba avue viatu.

*MKUTANO:* Jumamosi hii saa 9 alasiri, ofisi ya Tawi. Ajenda ni moja: masharti hapo juu, yapitishwe, yarekebishwe au yakataliwe. Dada mpangaji aje aseme habari ya kabati lake. Mwalimu aje na Haparanda yake. Mafundi waje wote, na kila mmoja aje na kipande kimoja cha kazi yake tukitazame mchana kweupe.

Na yule fundi wangu naye aje. Ubao bado umepinda.

Imetolewa na:
*Katibu Mwenezi,*
kwa niaba ya Kamati ya Utendaji ya Tawi